Naomba Kurudishiwa Matusi Yangu

Mikindani,
Agosti, 1973.

Kwa Ndugu Elia,
Katibu, Kikundi cha Vijana wa Kujitolea Kusaidia Wazee,
Mikindani.

Ndugu Katibu,

YAH: MALALAMIKO JUU YA WEMA ULIOPITA KIASI

Mimi ni Thabiti bin Ismaili, fundi mwashi niliyeacha kazi kwa sababu ya mgongo, mwenye nyumba ya pili kutoka msikitini, ile ambayo paa lake mlilitengeneza mwezi wa Mei. Nakuletea salamu za mkubwa kwa mdogo, na nakuomba uketi kabla ya kusoma, kwa kuwa mambo ni mazito na mwandiko wangu bado haujanyooka. Herufi hizi nimefundishwa na Hadija, msichana wa kikundi chenu, hapa hapa barazani kwangu. Zamani nilijua za Kiarabu tu. Kwa hiyo kabla sijalalamika nashukuru: mmenifundisha kuandika, na barua ya kwanza ninayoiandika kwa herufi hizi ni ya kuwashitaki nyinyi. Asante ya punda ni mateke, lakini mara nyingine punda naye huwa na sababu.

Nataka ieleweke mapema kwamba sipingi kujitolea. Mmewapasulia wajane kuni, mmezibua mitaro, mmewachotea maji watu ambao ndoo zao zilikuwa zimekauka. Bi Mastura wa mtaa wa juu, ambaye haoni, sasa anasomewa gazeti kila linapofika, ingawa mwenyewe husema habari za gazeti haziwezi kulingana na za kisimani kwa utamu. Hayo ni mambo mema na Mungu atawalipa. Lakini wahenga walisema tenda wema nenda zako. Nyinyi, Ndugu Katibu, mmetenda wema na hamkwenda zenu.

Kiini cha shauri hili ni jirani yangu Alawi bin Athumani, fundi cherehani. Baba yake ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu wa tumbo moja. Kwa hiyo mimi na yeye ni mabinamu, na mabinamu kwetu ni watani. Sijui huko kwenu bara, kwenye baridi, mabinamu hufanyana nini. Pengine hupeana mikono tu wakaenda shamba. Hapa mtani ana haki ya kukutukana mbele ya mkeo. Ana haki ya kuchukua kitu chako bila kuomba, nawe huna haki ya kununa. Ukinuna, watu watasema huyu hakulelewa. Na siku utakapokufa, yeye ndiye atakayekuja msibani kuigiza ulivyokuwa ukitembea na ulivyokuwa ukibania sukari, mpaka waliao wacheke na wanaocheka walie. Mimi na Alawi tumetukanana kila asubuhi tangu tulipokuwa hatuna meno mpaka sasa ambapo hatuna tena. Baada ya maelezo hayo, nataja malalamiko yangu moja moja.

1. Ua. Kati ya nyumba yangu na yake palikuwa na ua wa makuti, umeoza, una matundu kila mahali. Kwa matundu hayo tulikuwa tunaonana, tunapitishiana ugoro, na tunatemeana maneno bila kunyanyuka kwenye mikeka. Nyinyi mkaja na makuti mapya, mkasuka ua mzima, mzito, mrefu kupita kichwa cha mtu. Mtaa mzima ulisifu. Nami nilisifu, kwa kuwa sikujua bado kwamba nasifu gereza langu.

2. Paa. Siku ya kuezeka paa langu wewe mwenyewe ulikuwa juu, umeshika kamba kwa meno. Alawi alitoka nje kama kawaida yake, akapaza sauti ili ipite juu ya ule ua mpya: "Thabiti! Hujafa tu? Sanda yako nimekwisha kuikata, sasa naipunguza kila siku kwa jinsi unavyosinyaa!" Nami nikajibu kama adabu inavyotaka: "Siwezi kufa kabla yako, nani atakuchimbia? Kaburi lako litabidi likate kona, maana tangu tumboni mwa mama yako hujapata kunyooka!"

Hayo yalikuwa maamkizi, Ndugu Katibu. Tena hayakuwa hata mazuri sana. Siku hiyo sote wawili tulikuwa na mafua. Wewe ukashuka ngazi umesawijika uso. Ukaniuliza kwa huruma uadui huu ulianza lini. Nikakujibu kwa ukweli kwamba ulianza kabla hatujazaliwa, nikakuona unaandika. Najua hapo nilipaswa kueleza. Lakini mtu akikuuliza kwa nini unakula kwa mkono wa kulia, unaanzia wapi? Kijana wenu Bakari, mzaliwa wa hapa hapa, ndiye aliyekuwa ameshikilia ngazi. Yeye alijua fika. Alijifunika mdomo kwa fulana yake akatazama upande mwingine, na nilipomhoji baadaye akasema si adabu kumsahihisha Katibu mbele ya wazee.

3. Jogoo. Siku chache baadaye Alawi aliingia kwangu akamkamata jogoo wangu mwekundu, akapita naye mbele yangu kifua mbele, akasema jogoo huyu amechoka kumwamsha maiti. Ni haki yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshachukua mkeka wake mpya juma lililotangulia, na ndio huu ninaoukalia nikiandika. Lakini vijana wenu wa zamu wakamwona. Jua halijatua jogoo akarudishwa, mzima, amefungwa miguu kwa kamba safi, pamoja na maneno kwamba mali ya mzee haiguswi.

Sijapata aibu kama ile. Mtani akichukua jogoo, jogoo huliwa, na mwenye jogoo hualikwa akapewa shingo. Mke wangu Mwaisha alikuwa amekwisha kukuna nazi ili aipeleke huko huko ikasaidie mchuzi. Ile nazi tuliila na muhogo, kama wafiwa. Jogoo mpaka leo yupo, anawika, na kila akiwika naona ananisuta.

4. Suluhu. Mkatuita mimi na Alawi mbele ya balozi wa nyumba kumi. Mkatuketisha kwenye viti viwili vinavyotazamana, mkatuhutubia maneno mazuri juu ya umoja wa taifa na wajibu wa wazee kuwa mfano kwa vijana. Balozi wetu ni mtu wa hapa na utani anaujua, lakini alikuwa ameahidiwa kwamba mtaa wake utatajwa kwenye taarifa ya wilaya, basi akatikisa kichwa kwa huzuni kama mtu aliyetuamua mara nyingi tukiwa na mapanga.

Nilimtazama Alawi, nikingoja acheke, ili nami nicheke, tuwaeleze, yaishe. Hakucheka. Aliinamisha macho, akatoa leso, akajipangusa, akasema amechoka na magomvi na anataka kumalizia umri wake katika heshima. Kisha akanipa mkono. Vijana wakapiga makofi. Msichana mmoja akalia. Mimi nikawa nimepatanishwa na mtu ambaye sijawahi kugombana naye, na mpaka leo sijui nilimkosea nini.

5. Heshima. Tangu siku hiyo Alawi ananiheshimu. Sijui niliandike vipi jambo hili ili uuone ubaya wake. Asubuhi hutoka, huzunguka ua mpaka kwangu, huvua kofia na kuniambia, "Shikamoo, Mzee Thabiti." Yeye kanizidi umri! Wakati mimi nanyonya yeye alikuwa tayari anafukuzwa kwenye mikorosho ya watu kule Mpapura. Nikiitikia marahaba, nimejipa ukubwa usio wangu. Nisipoitikia, nimevunja suluhu mbele ya serikali. Basi mimi husema "Mara—" nikaishia hapo.

Halafu huniuliza hali ya mgongo wangu, na husikiliza jibu lote. Anasikiliza, Ndugu Katibu! Katika umri wetu wote hajapata kuniacha nikamaliza maneno. Kisha hunitakia siku njema, huondoka upesi upesi, na nikitega sikio uani namsikia anakohoa kwa muda mrefu. Mwaisha anasema ni kifua. Mimi nasema ni hiyo heshima. Mwili wa Alawi haukuizoea.

Hachukui tena kitu changu. Nimeacha jembe nje, halikuguswa. Ijumaa moja nilivua makubadhi yangu mapya msikitini nikayaweka karibu na yake kabisa, kwa makusudi, nikarudi nyumbani pekupeku. Aliyaleta mwenyewe, ameyafuta vumbi.

6. La sita nimelisahau. Lilikuwa kali sana. Lakini namba nimekwisha kuiandika kwa wino, na Hadija amenifundisha kwamba barua ya ofisini haifutwifutwi.

7. Hili ndilo lenyewe, na hayo mengine ni njia ya kufikia hapa. Mwezi uliopita nilishikwa na homa nikalala kitandani. Zamani nikiugua, Alawi huja na futi yake ya cherehani, hunipima kutoka utosini mpaka kwenye nyayo, hutikisa kichwa, husema, "Vumilia kidogo, kitambaa hakijatosha." Mimi hucheka, jasho hunitoka, homa hushuka. Safari hii alikuja na machungwa ndani ya kikapu. Akaketi kwenye ncha ya kiti. Akasema, "Mwenyezi Mungu akupe shifaa, mzee wangu," kisha akatoka kinyumenyume kama anayeagana na liwali.

Niligeukia ukutani. Mwaisha aliniuliza kama homa imezidi, nikasema ndiyo, lakini haikuwa homa. Nililia, Ndugu Katibu. Nilimlilia mtu aliye upande wa pili wa ua, anayenitakia heri kila siku.

Mwanangu Elia, nakuuliza kama mzazi: nani ataniigiza siku ya kuzikwa kwangu? Alawi amekwisha kuahidi mbele ya balozi kwamba ataniheshimu, na akishika ahadi yake atakuja msibani avue kofia, aseme marehemu alikuwa mtu mwema, aende zake. Nitazikwa kama mgeni aliyefia njiani. Mke wangu ananipenda, wanangu wananiletea unga kutoka shamba, sina ninalowadai. Lakini wote hao wamenikuta nikiwa fundi na mtu mzima. Alawi peke yake ndiye aliyebaki anayenijua nilipokuwa mjinga. Ninachoogopa ni kwamba hajifanyi. Naogopa ameionja amani yenu, akaiona ni tamu kuliko mimi.

Kwa sababu hizo zote naleta maombi yafuatayo, na nayaleta kwa unyenyekevu:

Kwanza, suluhu ivunjwe hadharani, mbele ya watu wale wale waliopiga makofi, na yule msichana aliyelia aje alie upya. Balozi atangaze kwamba mimi na Alawi tunarudi katika uadui wetu kwa idhini ya serikali.

Pili, ua utobolewe. Sitaki ubomolewe, kazi ya vijana isipotee bure. Matundu tu, ya kutosha mdomo, na moja kubwa zaidi la kutosha jogoo.

Tatu, huyo jogoo aibwe tena. Kama Alawi atakataa kumwiba, basi vijana wa zamu wamsaidie, kwa kuwa kumsaidia mzee katika kazi asiyoiweza ndilo lengo la kikundi chenu.

Nne, wakati tunangoja hayo, nipatiwe mtu wa kunitukana kila asubuhi. Si jambo la kuchekesha. Kuna wazee wanaohitaji maji na kuna wazee wanaohitaji matusi, na kikundi kinachobeba ndoo hakiwezi kushindwa kubeba neno. Nilijaribu mwenyewe na Bakari. Nilimketisha hapa barazani, nikampa ruhusa, nikamwambia nitukane vyovyote utakavyo mwanangu, nitie aibu. Akafikiri mpaka jasho likamtoka. Mwishowe akasema, "Babu, wewe... una mvi." Papo hapo akaomba radhi, na kesho yake akaniletea kuni za ziada.

Kutokana na jaribio hilo naona bila mafunzo hatutafika. Kwa hiyo ombi la tano ni kwamba kikundi kianzishe darasa la vijana la kutukana wazee, nami nitajitolea kuwa mwalimu wake, bila malipo. Tutaanza na masikio na vichwa, ambayo ni mepesi, tuje kwenye ubahili, tumalizie na ukoo wa mama. Vijana wakihitimu, kila mzee wa Mikindani apangiwe mtukanaji wake. Mzee asiye na mtani apewe. Mwenye mtani aliyeharibiwa kwa kupatanishwa arekebishiwe. Baada ya mwaka mmoja taarifa ya wilaya itaweza kusema kwamba katika mtaa wetu hakuna mzee anayekosa maji, kuni, makuti, wala matusi, na balozi wetu atatajwa mpaka achoke.

Mkishindwa yote hayo, basi nifuteni kwenye orodha ya wazee wenu. Chukueni paa lenu, chukueni ua wenu, rudisheni mvua iliyokuwa ikinivujia. Nilikuwa nimelowa, lakini nilikuwa natukanwa.

Nisalimie vijana wote wa kikundi, wenye zamu na waliopumzika. Nisalimie balozi, mwambie nimemsamehe nusu. Bi Mastura akisomewa gazeti aambiwe namwulizia. Mwaisha anawasalimu na anasema maji ya jana yalikuwa na mchanga kidogo, asanteni. Alawi msimsalimie. Kama anataka salamu zangu, ua anaujua.

Ni mimi mzee wenu, niliyesaidiwa mpaka nikakoma,

Thabiti bin Ismaili

Tanbihi: Nilimwita Hadija asahihishe herufi kabla barua haijaondoka. Hadija, kama ulikuwa hujui, ni mjukuu wa Alawi. Alisoma vizuri mpaka namba nne, kisha akateremka sakafuni akacheka hadi Mwaisha akamletea maji. Nilipombana sana akaniapisha nisimtaje (naona nimekwisha kumtaja, lakini hatufuti), ndipo akaeleza.

Ndugu Katibu, Alawi ndiye aliyekuja kwenu kuandikisha jina langu, kabla ya ua na kabla ya paa. Ndiye aliyekunong'oneza kwamba ana adui jirani na anatamani kupatana naye kabla ya kufa. Urefu wa ua aliuchagua yeye. Vijana wa zamu yeye ndiye aliyewaambia wakae pale, wamwone akimchukua jogoo. Kila jioni, nyumba nzima ikiwa imekaa kwenye sinia, husimama akaniigiza ninavyosema "Mara—", na wajukuu hupaliwa na wali. Tangu Mei! Nyumba nzima inajua, mtaa mzima unajua, balozi anajua, na sasa najua mimi. Wewe usione haya, wewe ni mgeni. Pwani hii yote hajapata kuzaliwa mtu aliyetaniwa kama nilivyotaniwa mimi, na moyo wangu umejaa hata kalamu inaniteleza.

Kwa hiyo malalamiko yote nayafuta, pamoja na lile nililolisahau. Ua ubaki. Suluhu ibaki, tena iongezwe muda. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu nimeitolea jasho. Badala ya maombi yangu naleta jina: Alawi bin Athumani, fundi cherehani, mzee asiyejiweza kabisa, ambaye kwa kiburi hukataa msaada. Kesho asubuhi nendeni na machela, mumbebe mpaka msikitini, mchana kweupe, kwa njia ya sokoni. Mlisheni uji kwa kijiko. Mkateni kucha. Atapiga kelele kwamba ni mzima. Ndivyo ugonjwa wake ulivyo, na kadiri anavyokataa ndivyo mumzidishie wema.

Mimi mtanikuta barazani, nimejifunika shuka, nimekunja uso. Msimwambie kwamba najua. Mwacheni aamini kwamba bado nalia.